Baiskeli Bado Haijakuzoea

Ilikuwa Jumamosi ya kumi na mbili tangu Bi Futi anunue baiskeli, na kwa mara nyingine tena alikuwa anarudi nyumbani akiikokota. Safari hii alikuwa na goti lililochubuka, grisi hadi kwenye kiwiko, na hasira asiyojua aimwage wapi. Wala hakuwa amekwenda mbali. Alichotaka ni kufika kwenye tenki la maji, kule juu mtaa unakoishia, apumzike kidogo, ageuze, ateremke taratibu huku upepo unampiga usoni, kisha arudi akaoge. Kilomita nne kwenda, nne kurudi. Hakutaka kushindana na mtu, wala hakutaka kupunguza unene, ingawa majirani walishakaa kikao bila yeye na kupitisha kwamba hiyo ndiyo sababu.

Jina la Bi Futi alilipatia kazini. Alikuwa fundi wa mapazia, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, na ile futi yake ya kupimia haikutoka shingoni. Aliivaa akishona, akila, akienda benki. Aliivaa hata akiendesha baiskeli, na upepo ukiwa mkali ilimchapa mashavuni, lakini kumwambia aivue ilikuwa kazi bure.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya milimani, au angalau ndivyo ilivyojitangaza ubavuni kwa maandishi manene yenye ndimi za moto. Ilikuwa na gia ishirini na moja, shokapu mbele, na matairi yenye meno utadhani trekta. Katika zote zenye gia pale dukani, hiyo ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kabisa, na muuzaji hakumficha. Ilikuja vipandevipande ndani ya boksi, pamoja na kijitabu. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu ulisifia uimara wake. Ukurasa wa tatu, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, ulionya kwamba isipelekwe milimani. Bi Futi aliusoma mstari ule mara mbili, akaenda kuwasomea wenzake kazini, na yule mwanamke wa kupiga pasi, ambaye wote walimwita Pasi, alicheka mpaka ikabidi achomoe waya ukutani asije akaunguza kitambaa cha mteja.

Baiskeli ya milimani inayoogopa milima angeivumilia. Kilichomshinda ni tabia. Usukani ulikuwa na wasiwasi wa ajabu. Ukipiga chafya tu, umeshaingia mtaroni. Ukikata kona, ncha ya kiatu inagonga tairi la mbele. Ukiteremka, inatetemeka mpaka meno yanagongana. Breki ya mbele ilipiga kelele kama mlango wa ghala, na watu walioko mbele walijipanga pembeni wakidhani kuna gari la wagonjwa. Gia nazo zilikuwa na mambo yao: unaomba ya tatu, unapewa ya tano. Bi Futi alishaanguka mbele ya duka la dawa, mbele ya kanisa, mbele ya msikiti, na mara moja mbele ya mtu aliyewahi kumtaka uchumba. Huyo wa mwisho alimsaidia kuinuka kwa upole mwingi, na upole huo ulimuudhi kuliko maumivu.

Sasa utauliza, kwa nini asiipeleke kwa fundi? Mafundi walikuwa tele. Wawili walikuwa palepale njiani, na kila akipita walimwita kwa ishara kama watu wanaoona kitu wasichoweza kukinyamazia. Lakini aliyeifunga baiskeli ile alikuwa baba yake mzazi, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Baba yake alitengeneza baiskeli kwa miaka arobaini. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, na baiskeli zote za upande ule wa mji, zile nzito za chuma zenye breki za fito, zilipita mikononi mwake. Halafu Jumanne moja, miaka miwili iliyopita, alifunga kibanda saa sita mchana, akarudi nyumbani na sanduku lake la spana, akalisukuma mvunguni. Alipoulizwa, alisema amechoka. Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo alikaa kwenye kiti kilichopo dirishani akigombana na redio. Magazeti aliyakataa, alidai yamejaa uongo. Wageni hakuwataka. Chakula alikigusagusa akakirudisha. Bi Futi, aliyekuwa anaishi naye tangu mama afariki, alimbembeleza, akamkaripia, akamwitia rafiki zake wa zamani, na wote waliondoka wakitikisa kichwa. Aliona wazi kwamba baba yake anazimika kidogokidogo pale kwenye kiti, na hakuna alichoweza kufanya.

Kisha lile boksi likaletwa. Mzee alisikia linaburutwa sebuleni, akauliza ni nini. Alipojibiwa, alisimama. Alisimama mwenyewe, bila kushikwa mkono, akalivuta sanduku lake mvunguni, akaamuru boksi lipelekwe uani na mtu asimsogelee. Bi Futi alishinda jikoni akisikiliza spana zinavyogongana, na ilipofika adhuhuri akasikia mluzi. Baba yake alikuwa anapiga mluzi. Jioni ile mzee alimaliza sahani nzima, akaomba nyingine, akaeleza kwa kirefu jinsi watu wa viwanda vya siku hizi wasivyojua kuweka grisi.

Ndiyo maana Bi Futi alifunga mdomo. Mara ya kwanza alipoanguka alijaribu kumweleza, kwa lugha laini kabisa, kwamba baiskeli kama haitulii hivi. Mzee alitikisa kichwa kwa huruma ya mtaalamu. "Baiskeli bado haijakuzoea, mama," akasema. Alimwita mama kwa sababu binti huyo alikuwa amebeba jina la mama mzazi wa mzee. Kisha akaketi kwenye kigoda kando ya baiskeli saa nzima, akapangusa, akatia mafuta, akazungusha gurudumu na kuinamisha kichwa akilisikiliza. Ikawa ndiyo ratiba ya kila Jumamosi. Binti anarudi amechubuka, baba anaambiwa imesumbua kidogo, baba anatoka kwenye kiti cha dirishani na kuja uani. Bi Futi alijua, kama alivyojua vipimo vya dirisha lake mwenyewe, kwamba siku akimwambia mzee kazi yake ina kasoro, mzee atarudi kwenye kiti kile na hatainuka tena. Basi akaanguka na kunyamaza, akaanguka na kunyamaza.

Mpaka Jumamosi hiyo ya kumi na mbili. Alikuwa amefika kwenye tenki kwa mara ya nne tu katika maisha yake ya baiskeli, amekaa kwenye ukingo wa saruji anahema, ndipo akatokea mwanamume mmoja aliyevaa zile nguo za kubana za waendeshaji wa kweli. Alikuwa na kofia ngumu, miwani ya rangi, na baiskeli nyepesi ambayo aliinua kwa vidole viwili kuivusha mtaro. Alisalimia vizuri. Kisha macho yake yakatua kwenye baiskeli ya Bi Futi, na yakagoma kuondoka.

"Samahani, dada. Huu uma wa mbele umefungwa kinyume."

Bi Futi alimwambia kwamba baiskeli bado haijamzoea. Yule mtu akamtazama kuona kama anatania, akaona hatanii, akachuchumaa na kuanza kueleza. Ndani ya boksi, alisema, ule uma wenye shokapu, unaolishika gurudumu la mbele, hugeuzwa nyuma ili baiskeli ipate kuenea. Anayeifunga lazima augeuze kwanza, ndipo akaze usukani. Huyu hakuugeuza. Alileta baiskeli yake, akaisimamisha ubavuni mwa ile nyingine. Kwenye yake breki zilikuwa mbele ya uma. Kwenye ya Bi Futi zilikuwa nyuma, zimebanana na fremu, na waya wake umejikunja vibaya. Ndiyo maana kiatu kinagonga tairi. Ndiyo maana usukani hautulii. Kazi ya dakika kumi, akasema. Halafu hakujua kunyamaza hapo. Akauliza nani alimfungia.

"Fundi."

"Huyo si fundi, dada. Huyo atakuua."

"Huyo ni baba yangu," Bi Futi alijibu, kwa sauti ambayo wenzake kazini walikuwa wanaijua na kuikwepa. Yule mtu akaomba radhi, akapanda baiskeli yake nyepesi na kutokomea.

Alirudi akiikokota, na njia nzima hakuweza kuacha kuutazama uma ule. Ukishaambiwa, unaona. Breki nyuma, waya umejikunja, tairi limesukumwa ndani kama mtu anayerudisha miguu chini ya kiti. Jambo lilikuwa wazi kama mtu aliyevaa shati nje ndani. Miezi mitatu amepita nayo mbele ya mji mzima. Mafundi wale wa njiani, kumbe ndicho walichokuwa wanamwitia. Alijisikia mjinga, na baada ya kujisikia mjinga alijisikia kuonewa, na hasira yote ikamgeukia mzee. Miaka arobaini ya ufundi, ukashindwa kuona mbele na nyuma?

Alipofika, mzee alikuwa ameshatoa kigoda uani, anangoja. Aliuliza kama leo imemzoea. Maneno yalimfika Bi Futi kwenye ncha ya ulimi. Akayatazama yale mabega yaliyoinama kwa hamu juu ya sanduku la spana, akayameza, akasema imesumbua kidogo upande wa breki. Mzee akasema ilete hapa. Saa nzima alipangusa na kutia mafuta kitu kilichogeuka, akipiga mluzi, na binti yake akasimama jikoni akisugua sufuria iliyokuwa safi tangu asubuhi.

Jumatatu aliikokota baiskeli hadi kazini, akammwagia Pasi yote. Pasi alisikiliza huku anakunjua pazia la meta sita, na shauri lake lilikuwa fupi: mwambie. Bi Futi akasema haiwezekani. Pasi akasema baba ni mtu mzima, hatakufa kwa kuambiwa ukweli. Bi Futi akamwambia kwamba yeye Pasi hajamwona akiwa kwenye kile kiti, na atakayemrudisha pale hatakuwa yeye binti yake. Walivutana hivyo mpaka saa ya chakula. Mwishowe Pasi akachoka.

"Basi igeuze mwenyewe, tupumzike," akasema.

Wakaipandisha baiskeli juu ya meza ya kukatia, matairi juu, shuka kuukuu chini yake. Spana ya L waliipata kwenye kisanduku cha cherehani kubwa. Kazi ya dakika kumi iliwachukua saa nzima na robo, kwa sababu waya wa breki ulichomoka mara tatu, na kwa sababu Pasi alikuwa anashika upande usiotakiwa na kutoa maelekezo kwa upande unaotakiwa. Lakini uma uligeuka. Bi Futi alikaza bolti ya usukani mpaka kiganja kikamuuma, akaitazama baiskeli ikiwa imesimama sakafuni, na kwa mara ya kwanza ikaonekana kama ile iliyochorwa kwenye boksi.

Jioni aliipanda kurudi nyumbani, na hapo nusura alie. Ilikwenda. Aliitazamisha mbele ikaenda mbele. Kona ya duka la dawa aliikata bila kiatu kugusa kitu, breki aliishika ikanyamaza kimya, na mteremko wa shuleni aliushuka bila jino kugonga jino. Hakuweza kwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwao kama hapajui, akapanda hadi kwenye tenki bila kushuka hata mara moja, akageuza, akateremka na ule upepo aliokuwa ameutafuta miezi mitatu. Futi ilimchapa usoni naye akacheka peke yake barabarani kama mwehu.

Furaha ilimwishia kwenye kona ya mwisho. Mzee ataona. Mtu aliyeshika baiskeli miaka arobaini hawezi kukosa kuona kwamba uma wake umegeuzwa. Ataona kabla lango halijafungwa. Bi Futi alianza kupanga maneno. Angesema yule muuzaji alimpigia simu. Angesema Pasi aliiangusha ikabidi ifunguliwe. Maneno yote yalikuwa ya kipuuzi, na alikuwa bado anachagua lenye upuuzi mdogo zaidi alipojikuta ndani ya ua.

Mzee alikuwa kwenye kigoda chake, jua la jioni limemwangaza vizuri. Bi Futi aliamua liwalo na liwe. Aliisimamisha baiskeli mbele yake, hatua mbili tu, uma ukiwa umemwelekea kabisa, akasubiri kugombezwa.

Mzee aliinuka, akapapasa mpaka akaupata usukani, akainua mbele na kuzungusha gurudumu. Akainamisha kichwa. Gurudumu lilizunguka bila kukwaruza popote. Uso wake ukakunjuka.

"Unaona? Nilikwambia mimi. Imeshakuzoea."

Bi Futi alisikia damu inampanda kichwani. Miezi mitatu ya kuanguka, magoti yote yamekuwa ramani, na leo, baada ya yeye kuhangaika na spana kwenye meza ya mapazia, mzee anajisifu. Alifungua kinywa amwambie. Alimtazama usoni kwanza, apate pa kulenga maneno, na hapo maneno yakakwama.

Mzee alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa anaitazama baiskeli. Macho yake yalikuwa yametua pembeni kidogo, kwenye ukuta wa jirani. Mkono wake ulikuwa umeshuka kwenye ringi kutafuta valvu, nao ulikuwa unatambaa, spoku moja baada ya nyingine, polepole, ukapita juu ya valvu bila kuikuta, ukaendelea, ukarudi. Valvu ilikuwa inang'aa juani. Mtoto mdogo angeiona.

"Baba, baiskeli unaiona?"

"Naiona. Kwa nini nisiione?"

"Unaona nini?"

Mkono ulisimama kwenye ringi. Redio ilisikika ndani inaongea peke yake.

"Naona kuna baiskeli," mzee akasema.

Bi Futi aliketi chini, hapohapo kwenye saruji. Kwa miaka miwili alikuwa anagombana na mtu mkaidi, kumbe mtu huyo alikuwa haoni. Nyumba aliijua kwa kukariri. Kila kitu kingine alikikataa kwa ukali ili asiulizwe.

Mzee naye aliketi, na kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kuficha, alieleza. Jicho la kulia lilianza, la kushoto likafuata. Mwanzoni ilikuwa kama kioo chenye mvuke. Ile Jumanne alikuwa amemrudishia mteja gurudumu la mbele, na baada ya dakika chache mteja alirudi kwa miguu, baiskeli begani, anauliza nati ya upande mmoja iko wapi. Hakuwa ameumia, Mungu alisaidia. Nati ilikuwa bado imo kwenye kikopo, na mzee hakuwa ameiona. Alifunga kibanda saa ileile.

"Sasa na wewe niambie," akasema. "Hii nimekosea wapi?"

Hapo Bi Futi angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari, mtamu, na kile kiti cha dirishani alikuwa anakiona kwa mlango uliokuwa wazi. Alishusha pumzi.

"Uma uliufunga kinyume, Baba. Mbele nyuma. Leo tumeugeuza kazini, mimi na Pasi."

Mzee aliinama, akaushika uma kwa mikono miwili, akateremsha viganja kutoka juu hadi kwenye ekseli, akapandisha, akateremsha tena. Alifanya hivyo mara tatu au nne.

"Umenyooka," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Uma wa zile baiskeli zetu za zamani ulikuwa umepinda, mkono unajua wenyewe mbele ni wapi. Huu umenyooka kama mpini wa jembe. Mtu aujuaje?" Kisha akamgeukia binti yake. "Miezi mitatu umeipanda hivyo?"

"Ndiyo."

"Umeanguka mara ngapi?"

"Saba."

"Saba. Na kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Bi Futi alikuwa analia sasa, akijifuta kwa mkono wenye grisi na kujipaka uso mzima, na alikuwa na hasira na kila mtu: na mzee, na yeye mwenyewe, na kiwanda kilichogeuza uma ili kuokoa upana wa boksi. Alimngoja baba yake ainuke aingie ndani akakae kwenye kiti.

Mzee aliinuka. Alizunguka mbele ya baiskeli, akalibana gurudumu katikati ya magoti yake, akaushika usukani pande zote mbili na kuupinda kwa nguvu. Usukani ulikwenda kulia. Gurudumu halikwenda popote.

"Nani alikaza hii?"

"Mimi."

"Umetoka nayo kazini hivi?"

"Nimeipanda hadi kwenye tenki. Na mteremko nimeushuka."

Mzee alijishika kichwa. "Umeikaza kama mtu anayetundika pazia," akasema, na sauti ilikuwa ileile ya kibandani, ile iliyokuwa inawatoa jasho madereva wa mikokoteni. Kwamba alifunga kinyume ni kweli, akasema, lakini kinyume chake kilikuwa kimekazwa, wala hakuna siku usukani ungemtoka mtu mkononi. Akanyoosha mkono, akataka spana ya L. Bi Futi alimwekea kiganjani. Bolti aliipata mara moja, bila kupapasa, akaushika mkono wa binti yake na kuuweka juu ya spana, wake juu yake.

Alimwambia azungushe mpaka asikie inagoma. Bi Futi akazungusha. Alimwambia hapo bado, hapo ni yeye aliyegoma, siyo bolti. Akazungusha tena, mzee akisukuma, mpaka chuma kikatoa mlio mdogo. Hapo, akasema, sasa robo moja, basi. Wakalibana tena gurudumu, wakapinda, na safari hii vyote vikaenda pamoja. Mzee hakuridhika. Akataka zikaguliwe nati zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu hawezi kujua huyo Pasi alishika nini.

Bi Futi alimwambia kwamba Jumatano ataomba ruhusa kazini na wataenda hospitali ya macho. Mzee akasema hana muda. Bi Futi akasema atakuwa nao. Mzee akasema sawa, lakini watakwenda kwa miguu, maana chombo kilichofungwa na watu hawa wawili yeye hakipandi. Binti alicheka huku kamasi zinamtoka, akamtafutia nati iliyofuata na kumwekea kidole juu yake.

Waliendelea hivyo mpaka jua likaondoka uani, yeye anaonyesha, baba anakaza. Walipofika kwenye nati ya siti, mzee alipitisha kiganja kwenye bomba la juu la fremu, kwa uzito wa mtu anayemsalimia mgeni ambaye hawajatambulishwa.

"Ni rangi gani?" akauliza.

"Kijani."

"Mimi nilidhani nyeusi," mzee akasema, akakaza robo ya mwisho.